Nani Anamshika Mtoto

Wewe bibi unayemkanda mtoto mchanga, kabla hujachovya vidole kwenye mafuta, soma haya. Kama hujui kusoma, mwite anayejua akusomee, na asiruke mstari. Mimi Mesaidi nilijifunza kuandika nikiwa na mvi kichwa kizima, katika kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu akatuambia kila mtu aandike jambo alijualo. Hili ndilo nilijualo. Dawa sitataja, maana mimi si daktari. Nitasema yaliyompata mjukuu wangu Mwanatumu, basi.

Mwanatumu ni mtoto wa Hamisi, mwanangu wa pekee. Alizaliwa nyumbani kwangu Msambweni, mvua za mwaka za kwanza baada ya uhuru. Mama yake ni Riziki, mtu wa Kinondo. Hamisi alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya miwa, akirudi kila Alhamisi jioni. Kwa hivyo siku nyingine zote tulikuwa wanawake wawili na mtoto mmoja, na mwenye kauli ni mimi.

Kumkanda mtoto ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nikinyoosha miguu, nikimlaza mapajani, nikimpaka mafuta ya nazi na kumkanda kifua, mgongo na mapaja. Mikono yake nikiipishanisha kifuani. Pua nikiivuta kwa vidole viwili iwe ndefu, maana alizaliwa na pua ya kwao mama yake. Riziki sikumruhusu. Siku moja alitia mkono nikamwambia, "Wewe utamvunja. Mikono yako ni ya juzi."

"Nitajifunza lini, mama?"

"Nikifa."

Kwa miezi saba ngozi ya mtoto yule ilikuwa laini kama nyama ya dafu. Kisha msimu wa korosho ukaingia.

Mwenye kubangua anajua ilivyo. Unazikaanga juu ya bati mpaka zitoe moshi, unaziweka juu ya jiwe, unazipiga kwa kijiti, na ganda linatoa maji meusi mazito yanayochoma. Anayeanza kazi hii huchubuka mikono akalia. Sisi wakongwe ngozi zetu zilishakufa. Viganja vyeusi, vina nyufa, havisikii kitu. Ili ule weusi usigande, tunaweka kifuu cha mafuta ya nazi pembeni, tunachovya vidole, tunaendelea. Jioni nikimaliza, nanawa kwa maji na majivu, kisha kifuu kile kile nakitwaa kumkandia mtoto. Mafuta ya nazi yana kazi kuyapika, hayamwagwi. Mtu asiniulize kwa nini sikuona. Sikuona.

Vilianza vipele vya pajani. Baada ya siku mbili vikawa malengelenge, yakapasuka, yakatoa maji ya manjano, na yalipokauka ngozi ikabanduka kama ganda la kitunguu. Chini yake palikuwa pekundu, pabichi. Wala hayakutapakaa ovyo. Yalijipanga. Kila paja lilikuwa na mistari minne upande wa nje na mmoja upande wa ndani. Aliyeona kwanza ni Bi Zuhura, jirani yangu tuliyekuwa tukibangua pamoja.

"Hivi si vidole hivi?"

"Vidole vya nani?"

"Mimi nitajuaje? Vya mtu haviunguzi hivyo."

Tukasema ni jini. Mwalimu wa chuo cha Kurani akamwandikia kombe, mtoto akanywa, asipone. Akawa anajikuna mpaka damu. Nilimpiga viganja ili aache, mtoto wa miezi minane. Alipozidi nilimfunga mikono kwa vipande vya leso, kama mafundo mawili, akawa anajisugua kwenye mkeka. Na kadiri vidonda vilivyozidi ndivyo nami nilivyozidi kumkanda, maana mafuta yalimpoza kwa kitambo kidogo, akanyamaza, nami nikajiona nimemtibu.

Ndipo nikaanza kutafuta mwenye makosa ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba tulikuwa wawili.

Kwetu, mwanamke anayenyonyesha akienda kwa mwanamume wa nje, husemwa amembemenda mtoto, yaani ubaya umepita kwenye maziwa ukamwingia. Ni neno zito. Likishatoka, halina pa kurudi. Mimi nililitoa Alhamisi moja kabla Hamisi hajavua viatu.

"Mkeo amembemenda mtoto."

"Mama, umeona nini?"

"Mtoto huyo hapo. Unataka nione nini zaidi?"

Sikuwa nimeona lolote. Riziki hakuwa akienda popote isipokuwa kisimani. Nikasema, basi ni huko huko kisimani. Kabla ya wiki kwisha nilishamwambia Bi Zuhura, na wenzake wanne tuliokuwa tukibangua nao, na shangazi zake Hamisi wote wawili, na mke wa mwalimu wa chuo. Hamisi alisimama na mkewe wiki mbili. Wiki ya tatu akampa talaka moja, akiangalia chini. Sheria inasema mwanamke akae eda yake mle mle ndani ya nyumba ya mumewe. Mimi nilimtoa. Mtoto nikambakisha, nikasema maziwa yale ndiyo yenye ubaya.

Siku ya tatu Riziki alirudi, akasimama nje ya ua. Leso yake kifuani ilikuwa imelowa.

"Mama, nipe nimnyonyeshe mara moja tu. Maziwa yananiuma."

"Yakamulie mchangani."

"Anasikia sauti yangu. Msikilize anavyolia."

"Analia ngozi."

Akayakamua kweli. Aligeukia mgomba ulioko nyuma ya ua, akainama, akakamua, akafunga leso yake, akaenda. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika, mdomo ukabaki wazi bila kitu. Bi Zuhura alikuwa ameketi na jiwe lake. Akasema, "Hiyo ni kali, Mesaidi."

Nikamwambia abangue.

Msimu ukaisha. Mvua za mwaka zikanyesha, na Mwanatumu akapona. Vidonda vikafunga, ngozi mpya ikaota, nyeupe kidogo kuliko ya zamani. Akaanza kutembea akishika ukuta. Mimi nilimbeba nikapita naye nyumba kwa nyumba, nikamfunua mapaja. "Mnaona? Ametoka mwenye ubaya, mtoto amepona." Wote waliona. Hata Hamisi aliona. Eda ya Riziki ikamalizika ndani ya mvua zile, na siku ambazo Hamisi alikuwa na ruhusa ya kumrejea mkewe zikapita, nikiwa nimeketi mlangoni nikizihesabu.

Mikanju, yaani mikorosho, ilipochanua tena nikatoa jiwe langu na kijiti changu na kifuu changu.

Ugonjwa ulirudi kabla msimu haujafika katikati, na safari hii ulikuja na hasira. Mapaja, mbavu, mabega, mgongo. Pembeni ya pua alama mbili nyekundu, moja huku, moja huku. Bi Zuhura akauliza, "Na Riziki hayupo, je?" Nikamjibu kuwa lazima amepita njia hii wakati nikiwa shamba. Akarudi kwenye jiwe lake.

Hamisi ndiye aliyesema hospitali. Hospitali ya serikali ilikuwa na baraza ndefu yenye benchi moja, nasi tulifika jua halijachoma tukaitwa adhuhuri. Nilipoketi na mtoto, benchi zima likasogea. Mwanamke mmoja akauliza hewani, bila kunitazama, "Huo si ukoma?"

"Kama ni ukoma umeshakupata," nikamwambia. "Hapo ulipokaa ndipo alipokuwa amekaa yeye."

Akainuka. Nikapata nafasi ya kumlaza mtoto.

Dresa wa pale, mfunga vidonda, alikuwa mtu mzima aitwaye Juma. Alimpaka Mwanatumu dawa ya rangi ya zambarau mwili mzima, na nilipotoka naye barazani wakacheka. Lakini nitasema haki yake Juma: kila kidonda alikipuliza kwanza kabla hajakigusa. Hakuna aliyemwambia. Katika mwaka ule wote sikumbuki mtu mwingine aliyempuliza mtoto yule, na mimi nimo.

Wiki ile kulikuwa na daktari mgeni, mwanamke mfupi aliyekuwa akizunguka hospitali za pwani akiandika magonjwa ya ngozi ya watoto. Daftari lake lilikuwa na picha ya mwili wa mtoto kila ukurasa, mbele na nyuma, naye alizitia penseli pale palipo na vidonda. Kiswahili chake kilikuwa cha bara.

"Nyanya, hii mtoto nani anashika?"

"Mtoto ni huyu, si hii."

"Pole. Huyu mtoto. Nani anashika?"

Sasa hapa ndipo penye kosa, na kosa ni la neno moja. Kwetu mtoto mgonjwa akiulizwa nani anamshika, huulizwa habari ya jini. Nikamwambia ninavyojua. "Hatujajua jina lake. Hajapanda kichwani akasema."

Akanitazama sana. Juma alikuwa ametoka kuchota maji. Daktari akaandika kitu. Mpaka leo sijui aliandika nini. Kisha akasema keshokutwa nimletee kila kitu kinachogusa ngozi ya mtoto: nguo, sabuni, mafuta, chote.

Nikarudi nyumbani nikafungua sanduku. Nikatoa leso mpya, haijawahi kuvaliwa. Nikanunua mche mzima wa sabuni. Mafuta, nilikuna nazi mbili siku ile ile, nikapika, nikachuja kwa kitambaa safi, nikatia kwenye chupa iliyosuguliwa kwa mchanga. Nani angepeleka mbele ya daktari wa serikali kifuu chenye masizi, watu waone tunavyoishi? Nilitaka sitara ya nyumba yangu. Hata Hamisi alisema, "Umefanya vizuri, mama."

Daktari akachukua kidogo cha kila kitu, akakitia kwenye vipande vya kitambaa, akavibandika mgongoni mwa mtoto pale pasipo na vidonda na kuandika alama kwa wino. Siku mbili asiogeshwe, katika joto lile la kaskazi. Mtoto alikuwa akilia ukimbeba na akilia ukimweka. Vipande vilipobanduliwa, ngozi ya chini ilikuwa haina hata kipele.

"Hivi vitu vyote vizuri," daktari akasema, na uso wake haukufurahi.

Mimi nilifurahi. Nikasema nilishasema. Nikarudi kwenye jiwe langu, na jioni nikamkanda.

Mwisho wa mwezi ule Mwanatumu alishikwa na homa. Vidonda vilikuwa vimeoza, vikitoa harufu. Nzi walikuwa wakimfuata kutoka chumbani hadi uani. Nguo ikigusa mgongo inanata, ukiibandua inatoka na ngozi. Hakulia tena. Alikuwa akitoa mlio mdogo kama wa kifaranga, na jambo hilo ndilo lililomtisha Hamisi. Alimbeba juu ya jani changa la mgomba, maana halinati, akampeleka wodini. Kisha akapanda baiskeli kwenda Kinondo bila kuniuliza.

Riziki alifika akiwa amekonda. Mtoto hakumjua. Alimtazama kama anavyotazamwa mtu yeyote apitaye, akageuza uso kwangu. Riziki akaliona hilo, akalimeza. Akafunua shuka, akatazama mapaja, mbavu, mabega, taratibu, hakuruka mahali. Kisha akaniambia, "Mimi sipo mwaka mzima, mama. Mbona vidonda vipo?"

Nilikuwa na jibu. Nilisema aliacha ubaya kwenye nyayo zake.

Daktari alikuja na daftari, Juma nyuma yake. Akalinganisha picha ya zamani na mwili ule. Akageuza mtoto ubavu. Akatazama pua muda mrefu, zile alama mbili, huku na huku. Akaniuliza tena swali lile lile.

"Nani anashika huyu mtoto?"

Nikaanza kusema jini. Juma akaniwahi. "Bibi, hakuulizi mambo ya kichwani. Anauliza mikono ya nani inamgusa kila siku."

"Yangu," nikasema. "Ya nani tena?"

"Weka mkono hapa," akasema Juma, akielekeza pajani. "Usimguse. Uweke juu juu."

Nikauweka. Vidole vinne vikakaa juu ya mistari minne. Gumba likakaa upande wa ndani. Havikupungua, havikuzidi. Daktari akauchukua mkono ule, akaugeuza kiganja juu, akatazama weusi kwenye nyufa, akaunusa.

"Kazi gani?"

"Korosho."

"Na mafuta ya mtoto ni ile ya chupa?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo. Nataka mjue hilo, maana nililifikiria. Chupa ingenisitiri. Riziki angebaki na doa lake, mimi ningebaki bibi, na mtoto pengine angepona wodini humo kwa sababu nyingine wasiyoijua.  Mwanatumu akatoa ule mlio wake wa kifaranga.

"La," nikasema. "Ni ya kifuu. Ninachobangulia."

Riziki aliketi sakafuni pale pale aliposimama.

Hamisi alitumwa kuleta kifuu. Daktari hakumgusa mtoto nacho. Alijipaka yeye mwenyewe, mkono wa kushoto mafuta ya kifuu, mkono wa kulia mafuta ya chupa. Kidogo akanipaka na mimi. Baada ya siku mbili akaja akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu. Wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulikuwa umetoa malengelenge yaliyojaa maji. Mimi sikuwa na kitu. Ngozi yangu haikusema neno, ndiyo sababu ilinidanganya miaka yote.

Juma akanieleza kwamba si kila mtoto ngozi yake hukataa namna hiyo; wengine hupakwa wasiumwe. Ya Mwanatumu ilikataa. Daktari akajaza ukurasa, akanishika bega. "Nyanya, umesaidia watoto wengi." Ningependa zaidi anizabe kofi.

Mtoto alianza kufunga vidonda siku ya sita. Siku ya tisa alikula uji akamaliza bakuli. Riziki ndiye aliyekuwa akimlisha. Mimi niliketi mlangoni kwa sababu hapakuwa na aliyeniambia niingie. Walipokuwa wakifunga vitu waondoke, nikamwambia, "Riziki mwanangu, niwie radhi."

"Radhi baadaye. Lile neno ulimwambia nani?"

"Watu."

"Watu gani? Wataje."

Nikawataja.

"Hao hao uwaambie, mmoja mmoja. Na ulitaje neno lenyewe, usilizunguke. Ukimaliza uje Kinondo uniambie umemaliza. Kabla ya hapo mtoto humuoni."

Akambeba, akatoka. Hamisi akafuata na bakuli.

Nilikawia. Nilijiambia nasubiri mvua, mvua zikaja, nikajiambia nasubiri zipungue. Shangazi zake Hamisi niliwaambia mwanzo, wakasema walijua siku zote, waongo wale. Mke wa mwalimu alilia. Wabanguaji nikawaacha mwisho, nikawakuta chini ya mikanju, wamepumzika kupalilia, Bi Zuhura amempakata mjukuu wake.

Nikasimama. "Riziki hakumbemenda mtoto. Niliwaambia uongo. Mtoto nilimchoma mimi, kwa mikono hii na mafuta ya kubangulia."

 Kisha mmoja akasema, "Kumbe lile jini ni wewe?"

"Ni mimi."

Wakacheka. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Na pua nayo, Mesaidi, imenyooka?" Nikawaacha wacheke, walikuwa na haki, tena nilikuwa nimewafanya wamcheke mtu asiyekuwa na kosa msimu mzima. Bi Zuhura peke yake hakucheka. Alikuwa amemwondoa mjukuu wake mapajani, amemweka kwenye nyasi, anatazama viganja vyake mwenyewe.

Kinondo nilikwenda kwa miguu. Nilimkuta Hamisi anakandika ukuta wa nyumba. Alikuwa amemposa Riziki upya na kumuoa upya, huko huko kwao, na mimi sikualikwa. Alinisalimu vizuri. Riziki akatoka, nikamwambia nimemaliza. Akaniuliza, "Wote?" Nikasema wote. Akaniletea kigoda.

Basi nyinyi mnaokanda watoto: mafuta ya mtoto yawe na chupa yake, na chupa iwe na mahali pake. Mkiulizwa na daktari mnatumia nini, pelekeni kile chenye masizi. Na kabla hujamtaja mama wa mtoto, weka mkono wako juu ya kidonda uone kama unakaa.

Mwanatumu sasa ana miaka mitano. Mapaja yake yana mistari myeupe ambayo haitatoka. Mimi sibangui tena. Weusi umenitoka viganjani, kucha zimeota mpya, nanawa kwa sabuni kabla sijaingia njia ya Kinondo, na nikifika nanawa tena mbele yao.

Watoto wengine wa pale huja wakasema shikamoo, wakanibusu mkono, wakakimbia. Mwanatumu husema shikamoo, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaunusa. Hunusa kiganja, kisha kati ya vidole, kimoja kimoja, kama mtu anayenunua samaki. Mama yake humtazama kutoka mlangoni. Siku nyingine akimaliza hubusu. Siku nyingine huurudisha mkono mapajani mwangu alipoutoa, akaenda kucheza. Mimi sijauliza ni harufu gani anayoitafuta. Nauweka hapo hapo, wazi, mpaka aje tena.